Askofu Aliyezikwa Mwezi Mzima

Hii ni wiki ya pili televisheni ya binti yangu hapa Kahama haina habari nyingine. Amefariki kiongozi mkubwa wa dini, Mungu amrehemu, nami sina neno baya juu yake. Neno langu ni kwa hawa wanaotangaza. Wametuonyesha kitanda alicholalia, viatu alivyovaa, mpishi aliyempikia uji, na jana wamemhoji bwana mmoja ambaye sifa yake yote ni kwamba aliwahi kumfungulia marehemu mlango wa gari. Mimi nimekaa hapa nasubiri utabiri wa hali ya hewa. Mvua imekatika, mahindi ya wanangu kule Bugarama yameanza kujikunja majani, nataka kujua kama kuna wingu linalokuja. Naambiwa marehemu alipenda paka.

"Mama, punguza hasira," binti yangu ananiambia. "Ni msiba."

Najua ni msiba. Msiba wa namna hii nimewahi kuuona nikiwa mtoto, na ulinichukulia mtu wangu. Kaa kidogo nikusimulie, maana humu ndani hakuna wa kunisikiliza, wote macho yako kwenye kioo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, na mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi. Tuliishi Didia, bibi yangu na mimi. Baba alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, mama akamfuata baadaye ili ampikie, na mimi nikaachwa ili bibi asibaki peke yake. Sikulalamika. Nyumba ya bibi ilinukia moshi na maziwa mgando, na asubuhi nilikuwa naamshwa na jiwe la kusagia, kwaru, kwaru, bibi akisaga mtama huku akiimba chinichini nyimbo ambazo maneno yake alikuwa amekwisha kuyasahau nusu. Nikienda shule ya misheni alinijazia mfukoni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani, vigumu kama kokoto, ukivitafuna polepole utamu unakuja wenyewe. Mpaka leo nikila biskuti nazilaumu kwamba si matobolwa.

Bibi alikuwa na bega moja bovu. Ng'ombe alimtupa zamani, likatoka mahali pake na halikurudi vizuri. Aliweza kusaga, aliweza kupalilia taratibu, lakini kuinua jembe na kulivunja shamba zima hakuweza. Kwa hiyo maisha yetu yalitegemea basumba. Hao walikuwa vijana wa kijiji waliolima kwa kundi, wakizunguka shamba hadi shamba, ngoma mbele, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na walipomaliza walikula na kunywa kwa mwenye shamba. Ukiwakosa basumba wakati wa mvua za kwanza, na huna mkono wako mwenyewe, umekwisha.

Mwaka ule mvua ya kwanza ilishuka vizuri. Bibi alichota udongo akaukamua kiganjani, akacheka peke yake. Akaomba basumba, akapewa Jumatano. Alitoa mtama wa akiba, ule wa chini kabisa kwenye ghala, akapika pombe ya kuwanywesha. Nyumba nzima ilinuka chachu. Nilikatazwa kuchungulia mtungi, nami nikachungulia kila nilipopata nafasi.

Jumapili kabla ya Jumatano hiyo, katekista alitoka kanisani ameshika gazeti. Huyo katekista ndiye pia alikuwa mwalimu wangu, mtu mwembamba, kanzu nyeupe, sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Gazeti la misheni lilikuwa likija kwa treni mpaka Shinyanga mjini, kisha yeye analifuata kwa baiskeli. Kila Jumapili alitusomea barazani, na kwa kawaida walibaki wazee wanne na mbwa. Siku hiyo alitangaza kwamba askofu amefariki. Wengi wetu hatukuwahi kumwona huyo askofu. Aliishi mbali, alipita mara moja kwa gari na vumbi lake.

Lazima ujue desturi yetu. Wakati ule, maiti akiwa hajazikwa, hakuna jembe linalogusa ardhi kijijini. Unalilaza ukutani na unakaa. Hata kama mvua inanyesha, hata kama mbegu iko mkononi. Huwezi kuifungua ardhi kwa ajili ya tumbo lako wakati mwenzako anaisubiri alale. Desturi hiyo ilikuwa ya watu wa kijijini, waliofia pale pale, na ilikuwa ya siku moja, mbili, basi.

Lakini mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amebatizwa Pasaka ya mwaka ule, na ubatizo ulikuwa bado unamwasha kama shati jipya. Alisimama barazani akasema askofu ni baba wa wote, kwa hiyo ni maiti wa kijiji chetu. Majembe yalazwe mpaka azikwe. Watu wakaguna, lakini wakakubali. Siku mbili tatu, nani angekataa?

Jumatano ikapita. Pombe ya bibi ikachacha kupita kiasi, Ijumaa akaimwaga nyuma ya zizi. Nilimwona akiinamisha mtungi kwa mkono ule mzima.

Jumapili ya pili gazeti likaja na picha. Askofu amelala ndani ya kanisa kubwa, mishumaa pande zote, watu wanapita mbele yake. Mwanangwa hakujua kusoma, lakini picha aliiona. "Bado yuko nje," akasema, "majembe yakae." Jumapili ya tatu gazeti likaja na picha nyingine, kaonyeshwa kwa upande wa miguu. Na habari zilikuwa nyingi! Alizaliwa wapi, mama yake aliitwa nani, alikula nini asubuhi ya mwisho, punda aliyempanda alipokuwa padri kijana. Katekista alisoma mpaka jua likawa la utosi. Na baraza ilijaa, nakwambia, watu walitoka mpaka vijiji vya jirani, maana hawakuwa na kazi mashambani. Katekista hakuwahi kupata watu kama wale maishani mwake. Alianza kutukatia habari vipande vipande, anaishia pale penye utamu, anakunja gazeti.

Bibi alimfuata. Hakuwa Mkristo, bibi, lakini aliamini kabisa kwamba maiti anastahili heshima. Alimuuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, huyu mtu amezikwa au hajazikwa?"

"Mayu," katekista akamjibu kwa adabu, akimwita mama kwa lugha yetu, "habari zake bado zinaendelea."

Wiki hiyo nilitumwa sukari dukani. Muuza duka alikuwa na nakala za gazeti lile lile, zilizobaki bila kununuliwa, anafungia bidhaa. Nilipofika nyumbani nilikikunjua kile kikaratasi ili nilambe chembe zilizobaki, na hapo, chini ya doa la mafuta, nikasoma. Nilikuwa hodari wa kusoma, sijisifu. Nikasoma tena kwa sauti: Askofu wetu mpendwa amezikwa Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya kanisa lake. Tarehe ya juu ilionyesha ni toleo lile la Jumapili ya pili! Walimzika kwenye ukurasa mmoja, kisha wakaendelea kumlaza wazi kwenye kurasa nyingine na matoleo mengine, kwa sababu picha zilikuwa bado zipo na karatasi ilikuwa bado ipo. Na katekista wetu ukurasa ule aliuruka, akauweka kiporo.

Bibi alinifanya nisome mara tatu. Kisha akakifuta kile kikaratasi kwa kitenge chake, akakikunja. "Jumapili utamsomea mwanangwa," akasema. Akatoa jembe nje, akaliegemeza mlangoni tayari.

Jumapili ya nne tulikwenda. Mwanangwa amekaa kwenye kiti alicholetewa kutoka kwake, katekista amesimama nyuma yake. Bibi alipiga goti, akaeleza kwamba mjukuu wake ameona kwenye gazeti kuwa askofu amekwisha kuzikwa. Mwanangwa akakitazama kikaratasi, akakigeuza juu chini, akanipa.

"Haya, soma."

Katekista hakunitisha. Nataka niwe mkweli hapo. Hakutikisa kichwa, hakuinua mkono. Alinitazama tu, na mimi nikamwona kesho yake darasani na fimbo yake, nikamwona ananiita mbele kwa ile sauti nzuri. Maneno yalikuwa pale pale, meusi, makubwa, ningeyasoma hata kwa jicho moja.

"Sijui," nikasema. "Maneno ni magumu."

Watu wakacheka. Katekista akasema kwa upole, "Huyu bado yuko kwenye a, e, i, o, u." Mwanangwa naye akamgeukia bibi, "Mayu, nenda nyumbani. Usiwatume watoto kwenye mambo ya wakubwa."

Tukashika njia ya nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nzuri, ya taratibu, inayoingia ndani ya ardhi. Tulipofika kisimani bibi akasimama kupumua. "Juzi ulisoma vizuri," akasema. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Afadhali angenichapa.

Jumapili ya tano katekista alisoma mazishi, kwa kituo, watu wakalia. Majembe yakafunguliwa. Mwanangwa alikuwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe, siku mbili alikuwa amemaliza, msiba wake haukumgharimu chochote. Basumba waligombaniwa na kila mtu. Sisi hatukuwa na pombe tena wala mtama wa kupika nyingine, tukawekwa mwisho. Walipofika kwetu mvua ilikuwa imeanza kuwa ya kubahatisha. Mtama wetu ulichelewa kuota, ukachelewa kukua, na ulipotaka kutoa maua mbingu ilikuwa nyeupe. Tulivuna kapu moja na nusu.

Mwaka uliofuata tulikula michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, kisha tukala majani ya kunde yaliyokaushwa, kisha tukala kidogo. Bibi alikuwa ananisukumia bakuli, anasema ameshiba, na mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa, nikamwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini. Gazeti liliendelea kuja kila wiki. Toleo moja lilikuwa na habari ya jiwe la kaburi la askofu, limetoka nchi gani, limechongwa na nani. Kuhusu njaa ya Didia halikuandika hata mstari mmoja, na niliangalia, kwa kuwa niliendelea kuokota makaratasi yote ya dukani.

Bibi alikufa mwanzoni mwa mvua za mwaka huo. Hakuugua, aliisha tu. Mvua ilikuwa imeshuka usiku, kijiji kizima kina haraka. Mwanangwa alikuja, akasimama nje, akatoa pole, kisha akawaambia watu, "Mwaka jana tulichelewa sana. Majembe yakae mpaka saa sita." Saa tano tulimzika. Saa sita, watu tukiwa bado tunanawa mikono, nikasikia ngoma ya basumba shamba la pili, na majembe, yote kwa pamoja.

Askofu alipewa mwezi. Bibi yangu alipewa asubuhi moja, na si nzima. Nimeishi miaka yote hii, nimezaa, nimezika mume, nimeona vilima vya Buzwagi vinachimbwa na kugeuzwa mashimo, na hesabu hiyo bado inaniuma. Siku hizi hakuna anayelaza jembe. Mtu akifa, trekta linaunguruma pembeni ya kaburi, na kijana anaangalia simu huku anatupia udongo. Desturi ile ilikuwa nzuri. Tuliimaliza wenyewe, tulimpa yote mtu asiyetujua, tukabaki hatuna ya kumpa jirani.

Na mimi nilikuwa na nusu karatasi mkononi, na macho mazima. Katekista namlaumu, mwanangwa namlaumu, gazeti nalilaumu mpaka kesho. Lakini aliyeambiwa asome ni mimi.

Sasa hivi wamemrudisha tena kwenye kioo, amelala, mishumaa pande zote. Mazishi tuliyaona juzi, hapa hapa, tumekaa hivi hivi. Kitukuu changu, ana miaka sita, amesogea mpaka miguuni pangu.

"Bibi, huyu bado hajazikwa?"

"Amezikwa," nikamwambia, kwa sauti kubwa mpaka binti yangu akageuka. "Amezikwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimesoma mwenyewe."