Siku Nilipobadilisha Ruti Pale Mbinga

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa kampuni ya kununua kahawa pale Mbinga aliniuliza, "Kijana, ruti unaijua?"

"Ninaijua, mzee. Mbinga hadi Lituhi. Ila mimi hutapika kabla ya nusu ya njia."

Alicheka mpaka akavua miwani. Yeye alikuwa Mnyasa wa huko huko Lituhi, na Mmatengo anayeogopa safari alikuwa burudani yake. Ruti aliyoiulizia ni ya kompyuta: saraka, yaani folda, ya juu kabisa, inayoandikwa kwa mkwaju mmoja (/), ambayo mafaili yote yamo chini yake.

Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa sokoni, nasi tulikuwa na mashine moja, kompyuta ya mfumo wa Linux. Msimu mmoja Meneja akasahau nywila kuu. Simu ikaja kutoka ofisi kuu: mashine isipofunguka leo, ipelekwe Songea pamoja na mwangalizi wake. Mwangalizi ni mimi, na mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amepanda maharage.

Fundi Mkuu wa Songea, mama mwenye subira, alinielekeza kwa simu. Nikawasha mashine kwa sidii ya dharura, yenye mfumo wake yenyewe, nikaipachika diski yetu, yaani kuiunganisha, kwenye saraka ya mnt, kisha kwa haraka zangu nikabadilisha nywila. Nikazima, nikawasha. Ikagoma.

"Shikamoo tena, mama. Imekataa."

"Marahaba. Chroot uliandika?"

"Niliiruka."

"Basi umebadilisha kufuli la nyumba ya mgeni, na mgeni ameondoka nalo. Nywila ile ilikuwa ya sidii."

Akanifafanulia kwamba chroot huipa programu ruti mpya. Ukiielekeza kwenye diski yetu, programu itadhani mwanzo wa dunia ni hapo, kama mtu aliyechuchumaa ndani ya ngoro, yale mashimo ya mashamba yetu ya mlimani, akaona kingo zake tu. Humo ndani, nywila utakayobadilisha ni ya kwetu.

Nikaingia kwa chroot, nikabadilisha, nikaandika exit, amri ya kutoka, nikawasha upya. Ikafunguka.

"Ameikwepa Songea huyu," Meneja akasema kwenye simu.

"Mwache," mama akacheka. "Yeye mwenyewe ni chroot. Ruti yake Mbinga, nje haoni."

Nimestaafu nikiwa hapa hapa. Mke wangu husema ruti imehama tena, sasa ni uani kwetu. Namjibu kwamba amri ya kutoka naijua, ni neno moja tu. Sijaona sababu ya kuliandika.