Nimezamisha boti nyuma ya jiko

Leo nimezamisha boti ya Baba mdogo nyuma ya jiko letu, hapa Chonyonyo, Karagwe, mbali na ziwa.

Anavua Ziwa Victoria. Alikuja na kile kifaa cha redio kinachoita waokoaji boti ikizama. Antena ilikuwa imejaa mavi ya ndege.

Akaniambia, "Ifute kwa kitambaa kibichi."

Mimi nikatumbukiza kifaa chote kwenye karai.

Ubavuni kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kikiingia majini kinajiwasha. Kiingereza nakijua. Sikusoma tu.

Taa ikaanza kumweka. Mara simu ya Baba mdogo, aliyoiacha kwenye chaji alipotoka, ikaita. Namba yake ndiyo iliyosajiliwa na kifaa; nikapokea, kumbe ni mkuu wa waokoaji.

"Mko wangapi majini? Vijana wangu wameshavaa majaketi okozi, wanatoka."

Darasani kwenyewe huwa sinyooshi mkono. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kukata simu.

"Shikamoo," nikasema, maana bila salamu sijui pa kuanzia. "Hakuna aliyezama. Nilikuwa naosha."



"Marahaba. Unaoshea wapi, mwanangu?"

"Kwenye karai. Karagwe."

Nikamsikia akiwaambia vijana wake washuke botini. Kisha akaniambia nikikaushe kifaa, nisikate simu mpaka taa izime.

Tukangoja. Akaniuliza kama kahawa zimeiva. Nikamwambia bado.

Baba mdogo hajarudi. Nitamwambia mwenyewe.

Ila semeni kweli, nyie msingekata?