Mrina Asali na Habari za Wanaanga

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, kwenye hospitali moja hapa Tabora, nilikabidhiwa mgonjwa ambaye wenzangu walikwisha kumkatia tamaa. Alikuwa mrina asali kutoka kijiji cha Ipole, mtu wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwimba besi katika kwaya ya kanisa la Wamoraviani. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti wa mninga akishusha mzinga, paja likavunjika. Wiki nyingi alilala chali, mguu ukivutwa kwa vyuma vizito ili mfupa uunge sawasawa. Mfupa ukaunga. Ila ilipofika siku ya kuanza kusimama, alikataa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari." Sikuwa daktari, na nilikwisha kumwambia hivyo, lakini kwake kila aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari.

"Leo tujaribu kukaa tu ukingoni mwa kitanda."

"Kesho."

Na kesho yake ikawa kesho tena. Siku ya nne, mkewe, aliyekuwa akishinda naye wodini, alinifuata kwenye korido.

"Mwanangu, usimchoke. Huyu haogopi maumivu. Juzi alifunua shuka akauona mguu wake ulivyokonda. Anasema si wake."

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nikimhimiza kila siku bila kumweleza kilichoupata mguu.

Siku zile, saa ya chakula, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za wanaanga. Nilizisoma kwa kuzipenda tu. Asubuhi iliyofuata nilivuta kigoda, nikakaa, wala sikumwambia ainuke.

"Baba, umesikia kuna watu wanaokaa angani miezi, wakiizunguka dunia?"

"Nimesikia redioni."

"Huchaguliwa wenye afya kuliko wengine. Lakini wakirudi, wapo wanaoshindwa kusimama bila kushikwa. Misuli imepungua, mifupa imepoteza nguvu."

Akanigeukia. "Wameanguka?"

"Hapana. Kule wanaelea. Miguu haibebi chochote."

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba ndani ya mwili kuna maagizo tuliyorithi kwa baba na mama, yanaitwa jeni, na hayafanyi kazi yote kwa pamoja. Mengine yameamka, mengine yamelala. Mtu akikaa angani, baadhi ya yale yanayoamuru misuli ijijenge hupoa, na mengine huamka, yakiwemo ya kinga ya mwili, kana kwamba kuna adui ameingia. Nikamwambia pia kwamba wataalamu, wakitaka kuyachunguza mambo hayo hapa duniani, huwalaza watu wenye afya kitandani wiki kadhaa, wasiinuke kabisa.

"Kama mimi," alisema.

"Kama wewe."

Kisha akasema, "Hayo yapo kwa nyuki."

"Vipi, baba?"

"Malkia na kibarua wanatoka kwenye yai la namna moja. Buu akilishwa chakula cha malkia mpaka mwisho, anakuwa malkia. Wa kuwa kibarua hukatiwa chakula hicho mapema. Basi."

Chuoni nilifundishwa jambo hilo kwa maneno magumu ya kurasa nzima. Mkewe akacheka kidogo. "Kwa nyuki haishiwi maneno huyu."

"Sasa hao watu," mzee akauliza, "wakirudi wanapona?"

Nilitamani kujibu ndiyo, yaishe. "Mengi hurudi. Jeni nyingi hurudia utaratibu wake wa zamani. Lakini si zote, na mifupa huchelewa sana. Ndiyo maana hukohuko angani wanafanya mazoezi kila siku, wamejifunga mikanda inayowavuta chini."

"Na mguu wangu?"

"Utatembea nao, baba. Kupanda mti, sidhani."

Mkewe akainamisha kichwa. Nilijuta papo hapo.

"Kila anayekuja ananiambia, utapona, utapona," mzee alisema. "Hilo la mti hakuna aliyelisema." Akashika chuma cha kitanda. "Haya, nishike."

Siku hiyo alikaa ukingoni, jasho likimtoka, kichwa kikimzunguka, nami nikimshika mabega. Siku chache baadaye alisimama, mkewe akihesabu mpaka kumi kwa Kinyamwezi. Yakafuata magongo. Mara moja alianguka kwenye korido, akakasirika, siku mbili hakusema nami. Ya tatu alikuwa ananisubiri amekwisha vaa viatu.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Sikonge kwa kliniki ya vijijini, nikapita Ipole kumsalimu. Alikuwa akitembea kwa fimbo moja, akichechemea. Mkewe alininong'oneza kwamba ile mizinga ya mitini amempa mdogo wake, na siku ya kuikabidhi alijifungia ndani akalia. Sasa anafuga nyuki kwenye masanduku yaliyowekwa juu ya vichanja, usawa wa kiuno. Mzee alinipeleka kuyaona, tukasimama mbali kidogo.

"Umeyazoea, baba?"

"Nayazoea. Asali inapatikana, na mama huyu analala bila hofu." Akaegemea fimbo. "Lakini mimi nilipenda kule juu. Kuna upepo."

Mkewe akatuita tukanawe mikono, ugali na uyoga ulikuwa tayari.