Kifungua Mlango cha Brigedia

Brigedia mstaafu Mansur Faki aliongoza maelfu ya askari vitani bila kutetereka, lakini alasiri ya nikahi yake, mbele ya nyumba moja ya Magogoni, kanzu ilimlowa jasho mgongoni. Mkewe mpya, Jalila, mjane fundi wa mabuibui, alikuwa ndani. Mlango ulikuwa umetiwa komeo, na nyuma yake shangazi yake bibi harusi, Bi Mwanasaumu, na jeshi lake la wanawake walikuwa wakipiga vigelegele vya kejeli.

"Kifungua mlango! Hapiti mtu bure!"

Hiyo ni ada ya kulipa kabla ya kufunguliwa, kila bwana harusi huijua. Lililomsumbua Mansur ni maneno ya Jalila, aliyoletewa asubuhi na dada yake mwenyewe, Ummi: "Nimemkubali, lakini naogopa. Aliyezoea kuamrisha atanifanya askari wake. Nitamtazama anavyoingia kwetu, hapo nitajua."

Jalila alikuwa na haki ya kuogopa. Tangu astaafu, Mansur anafuga kuku Likoni, na majirani huapa kwamba hata majogoo wake huwika kwa zamu.

Mazoea yana taabu. Mansur akapanga vita. Mpwa wake Sharif aliachwa mbele na vijana wa ngoma wawashughulishe akina mama; yeye akazunguka uani, kanzu kaishika juu. Ehee! Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, hauna mlinzi. Sambusa zikinukia. Akainua mguu.

Mguu ukabaki hewani.

Aliukumbuka mji mmoja mdogo ng'ambo ya mpaka. Aliutwaa kwa kuingilia nyuma, bila kupoteza mtu, akasifiwa sana. Lakini mwaka mzima hakuna mwenyeji aliyemwuzia hata kikombe cha maziwa. Mji uliofuata, aliwasimamisha askari nje, akaenda mwenyewe kuwaomba wazee ruhusa, akangoja juani huku maofisa wake wakinung'unika. Mwisho wazee walitoka na maziwa ya ngamia. Tangu hapo aliwafunza wadogo zake kazini: kuingia si kazi, kazi ni kukaribishwa. Leo mwalimu kasahau somo lake! Aliona haya, kisha akacheka peke yake pale uani.

Akarudi mbele, akaketi kwenye ngazi.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Mwanasaumu akaitikia kutoka ndani: "Marahaba. Una amri gani, Brigedia?"

"Sina amri, nina ombi. Naomba mnikaribishe. Nitangoja hapa mpaka mridhike."

"Na tukiridhika kesho?"

"Basi nitupieni mto, shangazi, mgongo huu umezeeka."

Vicheko vikalipuka. Komeo likavutwa, na aliyefungua ni Jalila mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi halifanyi, hina mpaka viwikoni.

"Nilikuwa dirishani," alisema. "Nilikuona uani. Wallahi, roho ilinipasuka."

"Nilikuwa nimekwisha inua mguu, Jalila."

"Niliuona. Nikaona na ulivyourudisha."

"Tena ushukuru!" Bi Mwanasaumu alidakia. "Nyuma ya mlango wa jikoni walikungoja wanne na ndoo za maji. Na kifungua mlango changu bado nakitaka!"

Kisha akamletea bilauri ya maziwa ya iliki. Mansur aliipokea kwa mikono miwili, akashindwa kunywa. Brigedia alilia kwa furaha mbele ya watu wote, na Jalila akamshikia bilauri.