Uji wa Tata

Mujukuu wangu ameacha uji mezani, umepoa, juu umetoka ngozi. Harufu hiyo ya muhindi uliopoa imenirudisha kwetu, mu nyumba ya kampuni, kipindi cha baridi.

Tata, baba yangu, alikuwa mugonjwa, koo imemufunga. Alimeza uji mwepesi tu. Kazi ya kupima ilikuwa yangu: nainua kijiko, uji ukishuka kama uzi, namupa, ukianguka kipande, narudisha sufuria ku mbabula, jiko letu la makala. Dada zangu wakubwa hawakuniweza, na mi sikumwaga hata tone. Lakini baridi ilinishinda mbio. Vijiko viwili, vitatu, uji umeshika tena kama ugali.

"Weye mutoto," tata akasema kwa pumzi ndogo, "unataka kunimezesha bukari?"

Tulicheka wote.

Asubuhi moja uji ulishuka vizuri, wa moto, uzi haukukatika. Nikamutia mdomoni. Ukatoka wote pembeni, ukateremka ku shingo.

"Mama, uko mwepesi!" nikalia. "Angalia, uko mwepesi!"

Mama akapangusa ile shingo polepole. "Acha sasa, mama," akaniambia.

Nikarudisha sufuria ku mbabula.