Mwanafunzi wa Kogo

Kogo alinifundisha kuimba huku akisugua ndani ya vibuyu vyake vya maziwa kwa kijinga cha moto. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, lakini hakuwa nyanya yangu. Alikuwa nyanya ya rafiki yangu wa darasani, na boma lao lilipakana na kambi yetu ya wachuma chai, upande wa Kimulot. Sisi ni Wakisii, watu wa kuja. Mama alikuwa akinituma huko kununua maziwa, nami nikichelewa makusudi.

Rafiki yangu hakuzitaka nyimbo hizo. Yeye na simu walikuwa chanda na pete. Basi Kogo akanipa mimi wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kulegeza sauti. Alisema ulimi wangu ni mzito lakini sikio ni zima. Sifa hiyo nililala nayo wiki nzima.

Wafadhili fulani walipojitolea kuwapeleka wanafunzi Mombasa, waimbe kwenye tamasha la utamaduni na kuzuru makumbusho, mwalimu alinichagua niongoze wimbo. Sikuwa nimewahi kuvuka Nakuru. Wafadhili walikuwa na sharti moja, na lilikuwa zuri: kila mtoto asafiri na mzee aliyemfundisha.

Siku waliyokuja shuleni, tuliambiwa kila mmoja akasimame na mzee wake. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kogo. Nikamkuta rafiki yangu amesimama upande wake wa pili, amevaa shanga. Mwalimu akauliza mwanafunzi ni yupi kati yetu.

"Ni huyu wangu," Kogo alisema, akamshika mjukuu wake bega. "Huyo mwingine ni wa kambi. Yeye anakujanga tu kwa maziwa."

Mwalimu aliujua ukweli, akatazama viatu vyake. Wageni wakapiga makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo niliivaa kwa kujidai. Nilimchukia yule mama mzee mpaka meno yakaniuma, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni hiyo hiyo alikuja kambini na mjukuu wake na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Mtoto hajui wimbo, alimwambia mama, labda nimsaidie kidogo. Nilifungua mdomo kukataa. Mama akanivuta kando ya jiko.

"Mfundishe," alisema polepole. "Hawa ndio tunaishi nao."

Nikaimba. Rafiki yangu alinifuatisha bila kunitazama. Kwenye ubeti wa pili hasira ilinizidi, nikavuta pumzi mahali pasipofaa. Kogo akainua mkono kunikatiza.

"Hapana," alisema. "Si hivyo nilikufundisha."