Nilichokiona Baada ya Kishindo

Mimi sikuiona ile pikapu ikimgonga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi muda wote wa kesi, na kwa sababu pale Dutwa wapo watu ambao hadi leo wanaamini niliona nikaficha.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nasubiri basi la Bariadi, bahasha ya vyeti kwapani. Tangu nimalize chuo nilikuwa nimerudi kwa wazazi, na kazi yangu ilikuwa kupeleka vyeti maofisini na kurudi. Nilikuwa nimegeukia maduka, nikijiuliza kama jasho linaonekana kwenye shati. Nikasikia breki, kisha kishindo. Nikageuka. Upande wa pili wa barabara jirani yetu alikuwa amelala chini. Ni mama mjane anayelima pamba na mahindi nyuma ya kwetu, na asubuhi ile alikuwa akipeleka mahindi mashineni kwa baiskeli. Pikapu ilikuwa imesimama mbele kidogo, dereva bado ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuuachia.

Yaliyofuata yalikuwa wema mtupu, na wema huo ndio uliotuletea taabu. Mwenye bajaji alishusha abiria wake, mama akapakiwa, mguu umefungwa kwa kanga na kipande cha ubao. Vijana wakaiondoa baiskeli isije ikakanyagwa au ikapotea. Wanawake wawili wakapiga magoti kukusanya mahindi, maana chakula cha mtu hakiachwi barabarani. Bibi mmoja akaleta mchanga kwenye beseni akaifukia damu, akisema kwa Kisukuma kwamba si vizuri damu ya mtu ikanyagwe na magari. Dereva naye akaambiwa asogeze gari mabasi yapite. Trafiki walipofika kupima ajali, barabara ilikuwa safi kuliko siku ya mbio za mwenge.

"Alikuwa wapi alipogongwa?" trafiki akauliza.

Kila mtu akaonyesha pake. Aliyeonyesha bila kusita ni dereva peke yake. Alisema mama alikata kona ghafla akaingia katikati ya lami. Mchoro wa ajali ukachorwa kwa kidole chake.

Sitaki kumfanya dereva kuwa mtu mbaya. Alikwenda hospitali na sukari na sabuni, akainama, akasema pole. Lakini polisi walimfungulia kesi ya kuendesha bila uangalifu, na alichosema barabarani akakirudia huko. Nadhani alishaanza kukiamini.

Mguu wa mama ulivunjika juu ya goti. Alipotoka hospitali ulikuwa umewekewa vyuma, na daktari akasema huenda goti halitakunjika tena. Kwa mtu anayeishi kwa jembe, hilo ni kama kuambiwa shamba lako limehama. Nilimsindikiza shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, kwa msaidizi wa kisheria pale Bariadi. Yule dada alitueleza polepole, kama anayejua kwamba tutamwuliza tena. Kila gari lina bima kwa ajili ya mtu linayemwumiza. Fidia haitoki mfukoni mwa dereva, na kuidai si kumfunga mtu. Ila watu wa bima watataka hukumu ya kesi ya trafiki. Dereva akiachiwa kwa sababu kosa lilikuwa la mama, madai yatakuwa magumu, pengine yasiwepo kabisa.

"Na shahidi ni nani?" akauliza.

Shemeji mtu akanitazama mimi.

Trafiki walikuwa wameandika jina langu siku ile kwa sababu nilikuwa na kalamu. Nilimwazima askari, akaniuliza ninaitwa nani, basi. Wengine wote walisema walikuwa wanashughulika na majeruhi, na ni kweli. Mimi sikushughulika na chochote. Nilisimama nikatazama, bahasha kwapani, na kwa ajili hiyo nikawa shahidi.

"Sasa, msomi," shemeji mtu alisema tukiwa kwenye basi. "Utasema uliiona pikapu inatoka barabarani inamfuata mama."

"Baba, nilikuwa nimegeuka. Nilisikia."

"Uligeuka shingo, masikio nayo yaligeuka? Sema uliona. Nani atakukatalia? Hata hakimu mwenyewe hakuwepo."

Nyumbani mama yangu hakunilazimisha. Alisema tu, huku akipepeta, "Mtu akikosa fidia kwa sababu ya ulimi wako, utapita wapi hapa kijijini?" Kisha akaendelea kupepeta.

Nikaanza kuwaza, na mimi nikianza kuwaza siachi. Nilipogeuka, picha ya kwanza ilikuwa baiskeli imelala, gurudumu la nyuma likiwa nje ya mstari mweupe, kwenye changarawe, na gunia limepasuka papo hapo. Hilo niliamini nimeliona. Lakini je, niliona, au nilijaza baadaye, baada ya kusikia lawama za watu? Nilirudi pale mara nyingi kujaribu. Nilisimama kwenye maduka, nikageuka. Nikasogea, nikageuka tena. Vijana wa bodaboda wakapata burudani.

"Injinia, hiyo barabara ilishajengwa."

"Mwacheni, anafanya utafiti. Akimaliza tutapewa lami nyingine."

"Digrii ya kugeuka hiyo."

Nilicheka nao. Usiku nilikuwa nageuka kitandani vilevile.

Mwisho nilikwenda kwa mama mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mguu umenyooshwa mbele yake kama mali ya mtu mwingine aliyoachiwa kuilinda. Pembeni yake mkwewe alikuwa anachambua mahindi kwenye ungo.

"Mwadila, mama," nikamwamkia.

"Mwadila, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia yote, kwamba sikuona gari likimgonga, na kwamba watu wananitaka niseme niliona. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hata mimi sikuiona," akasema. "Ilitoka nyuma. Sasa wewe utaona vipi nisichokiona mimi niliyegongwa? Wewe sema ulichokiona."

"Na kikiwa hakitoshi?"

Mkwewe akachota kiganja cha takataka kutoka kwenye ungo akazitupa. "Mahindi haya yamenichosha," alisema. "Mwenye mashine ameyakataa. Anasema nikalete mahindi, nisimletee mawe." Nikaangalia zilipoanguka. Zilikuwa changarawe, zile nyekundu za pembeni mwa barabara.

Kesi iliitwa na kuahirishwa, ikaitwa na kuahirishwa. Mara shahidi mwingine hakufika, mara wakili wa dereva anaumwa, mara hakimu yuko safarini. Kila mara nilivaa shati lilelile, nikapanda basi, nikakaa kwenye benchi, nikarudi. Palizi ya pamba ilipita. Mama alikuja mara zote, kwa magongo, akaegemea ukuta kwa sababu kukaa kulimwumiza kuliko kusimama. Hakuna siku aliyolalamika, na hilo lilinichosha kuliko kama angelalamika.

Mwendesha mashtaka aliniita pembeni kabla sijaingia. "Kijana, usitake kunisaidia. Wanaotaka kunisaidia ndio wanaoniharibia kesi. Sema ulichokiona na ulichokisikia. Usichokijua, sema hukijui."

Nikasimama kizimbani, nikaapa, nikasema: nilisikia breki na kishindo, nikageuka, nikaona baiskeli na gunia nje ya mstari mweupe. Kisha wakili wa dereva akainuka.

"Kwa hiyo hukuona gari likimgonga huyu mama?"

"Sikuona."

Nyuma yangu nilimsikia shemeji mtu akishusha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo inawezekana alikuwa katikati ya barabara, akarushwa nje?"

"Mtu anaweza kurushwa. Sijui kama mahindi yanaweza kurushwa yote bila hata kidogo kubaki kwenye lami."

"Uliona kwamba hayakubaki kwenye lami?"

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa kuwaza uliponishika. "Machache huenda yalikuwepo," nikasema. "Siwezi kuapa kwamba hakukuwa na punje. Ila lundo lilikuwa kwenye changarawe, na waliloliokota lilijaa changarawe. Niliyaona yakichambuliwa nyumbani."

"Unaweza kuwa umekosea?"

"Naweza. Nimejiuliza hilo siku zote."

Wakili akakaa. Sikujua kama nimeokoa kitu au nimeua. Hakimu akaandika kwa muda, kisha akamwuliza mwendesha mashtaka kama waliookota mahindi wanapatikana. Siku iliyopangwa baadaye, mmoja wa wale wanawake waliopiga magoti alipanda kizimbani.

"Uliyaokota wapi?"

"Pembeni, kwenye mawe. Mheshimiwa, tuliokota pamoja na mawe yenyewe, na yote tulimpelekea mwenyewe. Mimi nilijua nimeitwa kwa wizi wa mahindi."

Watu wakacheka, hakimu naye akainamisha uso kidogo. Dereva hakucheka. Alipopewa nafasi ya kujitetea alirudia maneno yake, lakini kwa sauti ya chini, na alipoulizwa mama aliingiaje katikati ilhali mzigo wake uliangukia nje, alisema hakumbuki vizuri.

Akatiwa hatiani, akapigwa faini. Tulipotoka, shemeji mtu alikuwa na hasira upya.

"Faini inakwenda serikalini. Sasa huyu anaondoka na nini?"

Yule msaidizi wa kisheria alikuwa nje anatusubiri. Akaanza tena, polepole. Sasa ndiyo madai yanaanza. Nakala ya hukumu iombwe. Daktari aandike ni kiasi gani cha uwezo wa mguu kimepotea kabisa. Ndipo waandikiwe watu wa bima, nao watajibu, huenda kwa kiasi kidogo kwanza, na mama asikubali haraka kwa kuchoka. Aliposema kuchoka alimtazama mama machoni.

Mimi nilikuwa nimedhani ushahidi wangu ndio mwisho. Niliwaza daktari naye akiulizwa, labda ana shaka kama mimi, labda anaandika "huenda". Nikataka kumwuliza yule dada, nikaona nyuso zao, nikaacha.

"Itachukua muda gani?" mama akauliza.

"Siwezi kukudanganya, mama. Miezi. Pengine msimu mwingine upite."

Mama akatazama magongo yake, kisha barabara ya kwenda stendi. "Basi shamba la pamba nilikodishe mwaka huu," akamwambia shemeji yake, kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha jioni. "Na hayo mengine tuyafuate."

Tukashuka Dutwa jioni. Kutoka stendi hadi nyumbani ilibidi apande bodaboda, akae upande upande, mguu umetokeza nje. Nilitembea kwa haraka nyuma yao. Nilimsikia kijana wa pikipiki akimtuliza: "Usiogope, mama. Napita pembeni kabisa."

"Hata mimi nilikuwa pembeni," mama akasema. "Wewe tazama nyuma."